Picha za jamu ya zabibu bila studio

Dada, kwa kuwa unauza jamu ya zabibu hapa Dodoma na unataka kupiga picha za biashara mwenyewe kwa simu, panga mwanga kwanza, nguo baadaye. Jua letu la saa 6 mchana linapiga utosini: macho yanaingia giza na chupa inametameta hadi lebo haisomeki. Piga kati ya saa 1 na saa 2 na nusu asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Ukichelewa, sogea barazani. Chini ya mti wenye majani machache utapata madoadoa ya mwanga usoni.

Chupa iweke mwanga uipitie kutoka nyuma au ubavuni, hapo ndipo zambarau ya jamu inawaka. Mbele yake, nje ya picha, simamisha kadi nyeupe irudishe mwanga kwenye lebo.

Wewe vaa krimu au kijani kilichopoa, vinakaa vizuri na udongo wetu mwekundu na mawe ya kijivu. Zambarau iachie jamu. Na beba kitambaa laini, maana vumbi la hapa halichagui; futa chupa, kisha lenzi (lenzi ndiyo husahaulika!).

Picha za shambani zifanye kabla ya mavuno, zabibu zikiwa bado zinaning'inia, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mizabibu ikishapogolewa utapata vijiti vitupu. Piga za wima kwa ajili ya Status, na chache za mlalo zenye nafasi ya kuandika bei.