Soma kumbukumbu kabla ya kufuta: kwa mafundi wapya wa skrini za ukutani

Jumanne iliyopita nilimshika mkono kijana mmoja kwenye meza yetu ya kazi hapa Mwanza. Kazi yetu ni kubadilisha mfumo (programu) wa skrini za kugusa za ukutani zinazoendesha vitu vya nyumbani kama taa na geti. Alikuwa amekwisha kuandika amri ya kufuta kumbukumbu yote ya skrini ya mteja, yaani chipu inayohifadhi mfumo huo, na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha mwisho. Nilipomuuliza nakala ya mfumo wa awali iko wapi, alinijibu kwa upole: "Kaka, faili ninalo, nimelipakua." Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa uhakika ule ule, ndiyo maana nimeona niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii ninayoipenda sana.

1. Skrini inayokaa kwenye boksi la swichi hupokea volti 230, na baadhi ya bodi hazina utenganisho wowote kati ya umeme wa ukutani na graundi ya chipu, yaani upande wake wa volti sifuri; ukichomeka kompyuta hapo umeme ukiwapo, unaweza kuiua kompyuta na kujiua mwenyewe. Tenganisha bodi ya kioo na bodi ya rilei (swichi zinazoendeshwa na chipu), weka ile ya kioo mezani, kisha ilishe volti 3.3 kutoka kwenye adapta ya USB inayoiunganisha na kompyuta. Volti 5 si chaguo, kwa kuwa pini za ESP32, chipu inayotumika kwenye baadhi ya skrini hizi, hazizihimili. Nimewakuta wawili kati yenu mwezi huu na kiunganishi cha kuchagua volti kwenye adapta kikiwa upande wa 5, na wote wawili walisema walidhani mwenzao amekihamisha.

2. Kabla ya kumwahidi mteja lolote, fungua boksi la swichi uangalie kama nyutro, waya ambao skrini huuhitaji ili ipate umeme wake, imefika hapo, maana katika nyumba nyingi za zamani utakuta waya wa moto na waya wa kurudi kwenye taa tu. Piga picha ya waya zote kabla hujalegeza skrubu hata moja.

3. Soma kumbukumbu yote, yaani inakili kwenye kompyuta yako, kabla ya kuandika chochote. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 2021 nilipewa kazi katika nyumba moja ya Isamilo, juu ya mawe, ambako ili ufike getini huna budi kushuka ngazi za saruji zinazopita katikati ya majabali. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limechoka. Mwanawe alikuwa amemfungia skrini yenye mfumo wa Android na kichakataji cha Rockchip, na kwa skrini hiyo mama alifungua geti, aliwasha pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki na kuzima taa za nje bila kuinuka kitini. Shida ilikuwa kwamba programu yake ilitegemea seva zilizoko nje ya nchi, kwa hiyo kila intaneti ilipokatika geti nalo halikusikia amri. Nilitaka kuweka mfumo safi utakaozungumza na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, humo humo ndani ya nyumba. Wazo hilo lilikuwa sahihi, na mpaka leo nalitetea.

Kilichoniponza ni haraka. Nilikuwa nimepata faili la mfumo kutoka kwa fundi mwenye skrini ya modeli ile ile, na namba iliyobandikwa nyuma ya kifuniko ililingana. Sikusoma toleo la bodi, ambalo huchapwa kwa maandishi madogo sana kando ya soketi ya utepe wa kioo. Kusoma gigabaiti 8 za eMMC, chipu ya kumbukumbu ya skrini hiyo, kungechukua muda usiozidi saa moja, nami niliona saa hiyo ni ndefu kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kuniandalia sato na ugali. Nikafuta, nikaandika, nikawasha.

Kioo kilibaki cheusi. Kichakataji kilikuwa kinafanya kazi, na ruta ilikiona. Lakini faili dogo la mpangilio wa vifaa, lile linaloueleza mfumo kwamba kioo kina vipimo gani, kinaamshwa kwa amri zipi na kigusio kimeunganishwa wapi, lilikuwa la kioo kingine. Mpangilio sahihi ulikuwa ndani ya kumbukumbu niliyoifuta dakika chache kabla. Niliirudisha chipu katika hali ya maskrom, ambapo husubiri kuandikiwa upya kupitia USB, mara nyingi kwa kugusisha laini ya mapigo ya eMMC na graundi, nikajaribu faili la pili na la tatu, nikamwandikia mtengenezaji bila kujibiwa. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, kula kwanza, samaki anapoa." Nilikaa mbele ya sahani ile nikashindwa kumeza.

Pampu niliifungia swichi ya kawaida siku hiyo hiyo, lakini kitasa cha geti kilibaki hakina njia nyingine ila kufunguliwa kwa ufunguo. Kwa wiki tatu nilipofika na kubonyeza kengele, nilisimama nje nikisikia fimbo yake ikigonga ngazi, kisha kimya, kisha fimbo tena. Kupitia upenyo wa geti nilimwona akipumzika kwenye jabali lililo katikati ya njia, ameshika goti kwa mikono miwili, funguo akiwa amezibana kwa meno. Alishuka ngazi zote hizo kumfungulia mtu aliyemsababishia kushuka. Hakuna somo la darasani lililonifundisha kama ile sauti ya fimbo.

Hatimaye nilinunua skrini nyingine kwa fedha yangu, toleo lile lile la bodi, ikaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Niliisoma yote mara mbili kabla ya kuiwasha, nikaiandika nakala hiyo kwenye skrini ya kwanza, na kioo kikawaka. Nikazifunga zote mbili, moja sebuleni na nyingine chumbani kwa mama, kisha nikapoteza usiku mzima kwa sababu zilikuwa zinapokezana kupotea kwenye mtandao. Nakala ile ilikuwa imebeba hata anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya skrini ya pili, hivyo zote mbili zilitumia moja. Kwa hiyo unapohamisha nakala kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, rudisha anwani iliyoandikwa kwenye lebo.

4. Tableti inayochajiwa mchana na usiku ukutani huvimba betri. Iangalie unene wake kila unapopita kwa mteja.

5. Kwa skrini za barazani huku ziwani, punguza mwanga jua linapozama. Wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi hufuata mwanga, na asubuhi utawakuta wamejaa kwenye tundu la spika na kuacha utando unaonasa unyevu. Mwanga mdogo na wavu laini wa nailoni nyuma ya tundu vinatosha.

6. Nirudi kwa mdogo wangu wa Jumanne. Skrini yake ilikuwa ya ESP32 yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, ambayo kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde husomwa kwa takriban dakika sita. Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akakokotoa alama ya SHA-256 ya kila faili, alama inayobadilika hata baiti moja ikitofautiana, na alama hazikulingana. Alitaka kuendelea, akisema ukubwa wa mafaili ni sawa. Nilimwomba atafute zinapotofautiana. Alizikuta baiti chache tu karibu na anwani 0x9000, mahali ambapo kwa kawaida ESP32 huhifadhi mipangilio, naye akakumbuka mwenyewe kwamba kati ya usomaji wa kwanza na wa pili alichomoa umeme na kuurudisha bila kushikiza GPIO0, pini inayoizuia programu isiwake, kwenye graundi, hivyo programu ikawaka na kujiandikia mambo yake. Alishikiza pini, akasoma upya mara mbili bila kugusa umeme, na safari hii tarakimu zote 64 zikafanana. Aliziandika kwenye karatasi pamoja na tarehe na jina la mteja, akaibandika nyuma ya kifuniko, ndipo nikamwambia, "Sasa futa."