Kamba ya mita 14: kwa walimu wapya wa Jiografia Mtwara na Lindi

Walimu wenzangu mliopangiwa vituo Mtwara na Lindi, karibuni kusini. Habari za vyumba vya kupanga na bei ya samaki mtazijua wenyewe ndani ya wiki. Mimi nina neno kuhusu mada moja tu, chanzo cha ulimwengu na mfumo wa jua. Ni mada ambayo mwalimu mgeni huimaliza haraka kwa sababu notisi zake ni fupi, kisha darasa linabaki limekariri sentensi mbili tatu lisizozielewa.

Kabla ya yote, tenganisheni mianzo miwili. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, Jua na sayari zake wana bilioni 4.6. Wanafunzi wengi wanadhani mlipuko mkuu (Big Bang), ule wa mwanzo wa ulimwengu, ndio uliozirusha sayari huku na huko. Kumbe kati ya mambo hayo mawili kuna zaidi ya miaka bilioni 9, na ndani ya miaka hiyo nyota zilizaliwa, zikazeeka, zikafa, na majivu yake yakawa malighafi ya nyota nyingine.

Kwa maneno matupu hilo haliingii. Nunueni kamba ya nailoni, ile ya wavuvi, mita 14 zinatosha, mtoke nayo nje maana darasani haienei. Mita moja ni miaka bilioni, milimita moja ni miaka milioni. Ncha moja ni mwanzo, nyingine ni leo. Kutoka ncha ya leo pimeni mita 4.6, fungeni kitambaa: hapo ndipo Jua lilipowaka. Halafu rudini hadi sentimita 15 kutoka ncha ya leo, fungeni uzi. Huyo ni mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kule Lindi. Watoto wa Lindi wanamjua kwa jina, ila wengi hawajui kwamba Wajerumani walichimba mifupa pale kati ya 1909 na 1913, na kwamba mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13 na ushei. Mpeni mtoto ashike uzi huo na aangalie kamba iliyobaki nyuma yake. Mjusi aliyeonekana wa kale kupita kiasi ghafla anakuwa wa juzi.

Uzi mwingine ufungeni baada ya huo, kama sentimita 10 hivi kutoka ncha. Hicho ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wanachokisema kuwa kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nyota zake ni changa, zina miaka milioni 100 na kitu. Maana yake mjusi wa Tendaguru alikufa kabla Kilimia hakijawaka. Sijaona darasa linalolipokea hilo bila kelele. Na sisi binadamu, wenye miaka kama 300,000, hatufiki hata nusu milimita. Uzi wenyewe ni mnene kutuzidi.

Baada ya kamba, fundisheni ushahidi kabla ya hadithi. Hapa ndipo napishana na notisi nyingi, zinazoanza na “hapo mwanzo kulitokea mlipuko” kana kwamba kuna mtu alikuwepo akaandika. Anzeni na walichokiona watu. Mwaka 1927 Georges Lemaître, Mbelgiji, alieleza kuwa ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kwa vipimo kuwa kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kututoroka kwa kasi. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, kule New Jersey, walisumbuliwa na mvumo kwenye antena yao usioisha mchana wala usiku, wakahisi ni kinyesi cha njiwa, wakakisafisha, mvumo ukabaki. Ilikuwa mionzi iliyosalia kutoka ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000, sasa imepoa hadi kelvin 2.7, yaani karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kisa cha njiwa msikiache, ndicho kinachobaki kichwani.

Mtaulizwa mlipuko ulitokea wapi. Jibu ni kwamba haukutokea mahali. Nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka, kila mahali palikuwa pamoja. Jina “mlipuko” linapotosha, lakini limeshazoeleka. Mkiulizwa kabla yake kulikuwa na nini, semeni wazi kuwa sayansi haina jibu lililothibitishwa, na msione aibu. Watoto wetu wengi wanatoka madrasa saa chache kabla ya kuja kwenu, wengine wana mafundisho ya kanisani. Msimgombanishe mtoto na ustadhi wake. Inatosha wajue kuwa Lemaître huyo alikuwa padri, na kazi ya darasa ni kupima na kuhoji vipimo.

Kuhusu zilikotoka elementi, mfano mnao karibu. Hapa Mtwara ukitaja gesi kila mtu ana maoni yake, ila kwa siku hiyo bakini kwenye kemia. Gesi ya Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani: atomu moja ya kaboni, nne za haidrojeni. Haidrojeni hiyo ilitokana na dakika za mwanzo kabisa za ulimwengu. Kaboni haikuwepo wakati huo; ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa. Molekuli moja, vizazi viwili.

Sasa mfumo wa jua. Wingu la gesi na vumbi lilijikunja kwa uzito wake, likazunguka, likawa bapa. Karibu kila kitu, zaidi ya asilimia 99.8, kikaenda kwenye Jua, sayari zikatokana na makombo. Karibu na Jua kulikuwa na joto, barafu isingeweza kudumu, ndiyo maana Zuhura, Dunia na Mirihi ni mawe. Mbali kulikuwa na baridi, Mshtarii na Zohali wakanenepa kwa barafu na gesi. Ushahidi wa ule ubapa unaonekana kwa macho. Jioni yenye sayari mbili au tatu angani, simameni ufukweni Mikindani mtazame magharibi baada ya magharibi kuswaliwa: sayari na mwezi vinajipanga kwenye mstari uleule lilikopita jua. Vyote vilitoka kwenye sahani moja. Mwaka 2014 darubini za ALMA kule Chile zilipiga picha ya sahani kama hiyo ikizunguka nyota changa iitwayo HL Tauri, na mapengo yake yanaonekana.

Umri wa bilioni 4.6 haukutoka kwenye mawe ya Dunia, maana Dunia huyayeyusha na kuyasaga mawe yake ya kale. Ulitoka kwenye vimondo: Clair Patterson alipima metali ya risasi iliyomo ndani yake na mwaka 1956 akatangaza bilioni 4.55. Watoto watataja Kimondo cha Mbozi, na wako sahihi kukitaja, lakini waambieni pia kuhusu Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Kilianguka Desemba 16, 1938, kilichookotwa hakifiki hata kilo moja, na wanasayansi wanakithamini mno kwa sababu ukiondoa gesi nyepesi, mchanganyiko wake unalingana na wa Jua. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo huitwa CI, na herufi hiyo ya I imetoka Ivuna. Udongo ambao chombo cha Japani kilileta kutoka asteroidi ya Ryugu, mwamba unaolizunguka Jua, mwaka 2020 ulifanana nacho.

La mwisho ni la ratiba. Mada hii huangukia mwanzoni mwa mwaka, na Januari kwetu ni mvua. Fundisheni kamba na vimondo wakati huo, mkibahatika mawingu yakipasuka muonyeshe Kilimia. Anga lenyewe liwekeni Julai, usiku usio na mwezi, na shule za bweni ndizo zenye nafasi nzuri. Ombeni ruhusa kwa mkuu wa shule mapema, taa za uwanjani zizimwe, watoto wakae gizani robo saa macho yazoee. Njia ya Maziwa itapita juu ya vichwa vyao, nene zaidi upande wa kundinyota la Nge.