Barua ya Hamburg niliyoitupa kwa mkono wangu

Juzi niliweka picha ya magunia ya iliki yakipakiwa, kijana mmoja wa Pangani anayeuza asali akaniandikia pembeni: "Shikamoo dada. Inbox yangu imejaa barua za ovyo, kwa siku hazipungui hamsini. Nipe njia ya kuzifungia zote zisinifikie tena." Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa mistari mitatu nikaona haitoshi, maana hilo neno "zote" ndilo lililonitia hasara. Nakujibu hapa, na wengine mnaotafuta wateja wa nje msome.

Kwa wasionijua, natoa viungo Amani kule juu Muheza: iliki, pilipili manga, mdalasini. Navichambua na kuvifunga hapa Ngamiani, mjini Tanga, halafu natafuta mnunuzi. Nilivyoanza sisimulii, ni mikopo na machozi tu. Nianzie siku nilipofungua tovuti nikaandika imeili yangu chini ya ukurasa kwa herufi kubwa, najiona na mimi nimefika. Sikujua kwamba kuna programu ambazo kazi yake ni kupita kwenye tovuti usiku na mchana zikiokota kila penye alama ya @. Zikaniokota.

Mwezi haukuisha. Mjane wa jenerali ana dola milioni anatafuta mtu mwaminifu. Bahati nasibu niliyoshinda bila kucheza. Dawa za nguvu za kiume, mimi mama wa watoto watatu! Nikawa nazifungia moja moja, kila ikija nabonyeza kufungia, kesho anarudi yule yule kwa anwani nyingine. Anwani ya mtumaji hughushiwa kirahisi kama jina la nyuma ya bahasha. Njia hiyo inamfaa mtu mmoja msumbufu unayemjua, shemeji anayetuma sala za mnyororo kwa mfano. Kwa spamu, yaani hizo barua za ovyo zinazomwagwa kwa wingi, ni kuchota bahari kwa kifuu.

Nikamwita fundi. Simtaji, ana watoto anawalea. Alikaa nusu saa, akanywa soda yangu, akaninyooshea kidole kwenye skrini: "Mama, sasa utalala." Alichofanya ni kuweka sheria ya maneno. Barua yoyote ya Kiingereza yenye neno la malipo, ofa, ankara au haraka isije kwangu, wala isipite kwenye folda ya Spam, iende moja kwa moja kwenye takataka. Nililala kweli. Miezi miwili inbox nyeupe kama kanzu ya Ijumaa, nami nikawasimulia watu kwamba nimepata dawa.

Kabla ya fundi nilikuwa nimetuma sampuli kwa mnunuzi wa Hamburg. Gramu 200 za pilipili manga, nimezipepeta kwa mkono punje kwa punje, na iliki za kijani kidogo ndani ya kifuko nilichokishona mwenyewe. Kimya. Nikasema Wazungu ndivyo walivyo. Baada ya miezi miwili nikamwandikia kumsalimu, akajibu siku hiyo hiyo kwa imeili nyingine, akaweka na nakala kwa WhatsApp, la sivyo hata hilo nisingeliona. Alikuwa ameniandikia mara tatu. Alitaka kilo 300 za pilipili na kilo 50 za iliki, na kwa kuwa nimenyamaza, amekwisha kununua Madagaska.

Gmail inafuta takataka baada ya siku 30. Barua zake mbili za kwanza zilishakwenda na maji. Ya tatu niliikuta, imebakiwa na siku nne. Mistari mitano. Katika hiyo mitano kulikuwa na ofa, malipo, na tafadhali jibu haraka. Aliandika maneno yote ya fundi wangu, kwa sababu ni maneno ya biashara! Tapeli anayaazima kwetu, sisi ndio wenyewe. Mstari wa mwisho ulisema tukiona kimya tutaelewa huna mzigo. Nilikuwa nao. Magunia yalikuwa chumba cha pili, harufu yake ilikuwa inanipata pale nilipokaa.

Mume wangu alisema ni riziki, haikuandikwa. Mimi nasema iliandikwa, tena mara tatu.

Nilikasirika, na hasira ikanifundisha kuliko ule mkopo ulivyonifundisha. Nikasoma mambo haya usiku watoto wakilala, na kama kuna kitu naweza kumwambia mtu ni hiki: kabla hujauliza njia gani inazuia spamu nyingi, uliza ikikosea, kosa lake utaliona wapi. Barua ya mjane ikipenya unaifuta kwa sekunde mbili. Barua ya Hamburg ikizuiwa kimya kimya hupati hata wa kumlilia.

Kwa kipimo hicho, sheria ya maneno iwe ya mwisho kabisa, na kama lazima uiweke, ipeleke barua kwenye folda unayoifungua, usiielekeze kwenye takataka. Kuna watakaokushauri uruhusu wale tu unaowajua, wengine wote nje. Ni salama kuliko zote, na nimeiweka kwenye simu ya mama yangu aliyeko Raskazone, anapata barua za wajukuu tu, raha mustarehe. Lakini mfanyabiashara? Mteja wa kweli siku ya kwanza ni mgeni. Na ile ya kumjibu kila mgeni kwa mashine, "thibitisha kwanza wewe ni binadamu", naiona ni utovu wa adabu. Mtu amebisha hodi unamtaka kitambulisho kabla ya karibu. Tena spamu ikiwa imeghushi anwani ya mtu wa watu, lile swali lako linakwenda kumsumbua yeye, nawe umegeuka mtuma spamu.

Ziko njia zinazofanyika kwenye seva, yaani zile kompyuta zinazotuma na kupokea barua, wewe huzioni. Moja ni kumwambia mtumaji asiyejulikana "rudi baadaye kidogo". Seva ya kweli inarudi yenyewe, mashine nyingi za spamu hazina subira hiyo. Mbinu hiyo ilitangazwa 2003 na ilifanya kazi vizuri, ila watuma spamu nao wakajifunza kurudi, na ubaya wake unauona ukisubiri namba ya siri ya benki inayokwisha muda baada ya dakika tano.

Nyingine ni orodha nyeusi za seva zilizojulikana kwa uchafu. Spamhaus, walioanza 1998, ndio maarufu zaidi. Seva ya mpokeaji inaangalia orodha, ikikuona umo inakufungia mlango hata barua haijasomwa. Zinazuia taka nyingi mno kwa gharama ndogo, siwezi kuzisema vibaya. Ila nilionja uchungu wake. Tovuti yangu ilikuwa kwenye seva moja na watu mamia nisiowajua, jirani mmoja akamwaga spamu, barua zangu zikaanza kurudi. Ni kama nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, mmoja akiumaliza umeme mnakaa gizani wote, na wewe uliyelipa. Ujumbe wa kurudishiwa barua huwa unataja orodha iliyokukamata. Usome, umpelekee mwenye seva. Mimi nilihama.

Ninayoisifu ni kichujio kinachojifunza. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham aliandika akieleza kwamba badala ya kuorodhesha maneno mabaya, unaipa programu barua zako nzuri na mbaya, ikokotoe yenyewe kila neno linaegemea wapi. Wazo lilikuwepo kabla yake, yeye alilitangaza. Utamu wake ni kwamba kichujio kinajifunza kwako. Kwenye barua zangu neno iliki ni mtu wa nyumbani, kwa hiyo likikaa karibu na neno malipo, linaitetea barua. Vichujio vya Gmail na wenzake leo vina mengi zaidi ya hayo, lakini bado vinakusikiliza unapobonyeza "si spamu". Hasara yake? Anataka mwalimu. Usipofungua folda ya Spam ukamsahihisha, atabaki na ujinga wake, nawe na wako.

Ndiyo maana nasema fungua folda ya Spam. Vijana mnataka kubonyeza kitufe kimoja maisha yanyooke. Hakuna kitufe hicho. Mimi kila asubuhi, chai ya iliki mkono mmoja na kitumbua mwingine, naipitia folda ya Spam kwanza. Dakika tatu. Jumanne iliyopita nimemkuta humo mtu wa Maskati anaulizia mdalasini, na mzigo wake ndio nachambua sasa hivi. Haya, nimejisifu.

Mdogo wangu, imeili yako itoe kwenye ukurasa, weka fomu. Na ukijiandikisha kwenye maonyesho, kama unatumia Gmail, ongeza alama ya jumlisha na neno baada ya jina lako, mfano asali+maonyesho, kisha @gmail.com. Barua zitakufikia vile vile, na taka zikianza kuja kwa jina hilo unajua nani ameuza daftari. Fomu nyingine zinaikataa hiyo alama, basi tumia anwani ya pili.

Sheria? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha ujumbe usioombwa, lakini mjane wa jenerali hakai Chumbageni akakamatwe.

Kuna jambo lilinichoma zaidi ya Hamburg. Nilimtumia barua dada yangu wa Dar es Salaam kutoka kwenye anwani yangu ya biashara, akaikuta Spam. Mimi! Kumbe domeni yangu, lile jina linalokaa baada ya @, haikuwa na SPF, ile orodha inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, wala DKIM, sahihi inayoonyesha barua haikuchezewa njiani, wala DMARC inayomwambia mpokeaji afanye nini hayo yakikosekana. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazidai zote tatu kwa anayewatumia barua kwa wingi, Gmail wakihesabu 5,000 na zaidi kwa siku, lakini hata sisi wadogo tunatakiwa tuwe na angalau moja kati ya mbili za kwanza. Jitumie barua Gmail, fungua chaguo la kuona barua asilia, utakuta PASS au FAIL kwa kila moja. Usidanganyike kwamba ni dawa ya matapeli, tapeli naye ana domeni yake na sahihi yake safi kabisa. Akikuandikia kwa jina la mteja wako, herufi moja tu imebadilika, kwamba akaunti ya benki ni mpya, hiyo ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa suti. Kichujio hakitakusaidia hapo. Piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo zamani.

Yule wa Hamburg nilimwandikia tena mwezi uliopita, SPF, DKIM na DMARC zote PASS, na picha ya pilipili mpya. Hajajibu. Kila asubuhi naanzia Spam.