Fangasi za vidoleni: tiba za nyumbani nilizojaribu, na kwa nini zilikuwa zinarudi

Ndugu yangu uliyeuliza tiba ya asili ya fangasi za miguuni: umesema ngozi kati ya kidole kidogo na jirani yake imegeuka nyeupe, inamenyeka, inawasha usiku, na kila ukipaka dawa unapata nafuu ya wiki mbili kisha hali inarudi palepale. Hilo la kurudi ndilo lililonifanya nikae niandike, maana nimehangaika nalo karibu miaka mitatu.

Naanza na kitunguu saumu, kwa sababu wapo waliokushauri ulale nacho. Tafadhali usithubutu. Mimi nilikitwanga kibichi, nikakibandika katikati ya vidole, nikavaa soksi nikalala. Saa nane usiku niliamka mguu unaungua kana kwamba nimekanyaga kaa la moto. Asubuhi nilikuta malengelenge mawili, na nilipovua soksi ngozi ya juu ilitoka nayo. Kidonda kile kilichukua siku kumi, na fangasi zenyewe bado zilikuwepo pembeni yake. Ni kweli kitunguu saumu kina kemikali inayoua fangasi, inaitwa ajoini, na imewahi kujaribiwa ikiwa krimu ya asilimia 1 ikaleta matokeo mazuri. Lakini hiyo ni dawa iliyopimwa. Punje iliyotwangwa haina kipimo, inachoma ngozi nzima na mbovu kwa pamoja.

Siki nilidumu nayo zaidi. Sehemu moja ya siki kwa mbili za maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, kila jioni. Harufu iliisha na muwasho ukapungua. Kupona sikupona. Tena pale ngozi ilipokuwa imepasuka, nilikoma mwenyewe kwa maumivu. Maji ya chumvi yalikuwa hivyohivyo, ila hayaumi sana.

Kama unataka kitu cha asili chenye ushahidi wa maana, ni mafuta ya mti wa chai. Huu si mchai wa majani ya kunywa, ni mti mwingine kabisa wa Australia. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002: waliopaka mchanganyiko wa nguvu ya asilimia 50 kwa wiki nne, takriban asilimia 64 kati yao walipimwa wakakutwa hawana fangasi tena, ilhali kwa waliopaka kimiminika kisicho na dawa ilikuwa asilimia 31. Wachache walipata ukurutu kwa ajili ya mafuta hayo, kwa hiyo jaribu kwanza tone moja mkononi usubiri siku nzima. Usiyapake bila kuyachanganya, na yaweke mbali na watoto kwani ni sumu yakinywewa. Kwangu yalisaidia kuliko siki, lakini baada ya miezi miwili muwasho ulirudi.

Hapo ndipo nilipojiuliza: kwa nini kila kitu kinasaidia, na hakuna kinachomaliza?

Jibu lilikuwa kwenye unyevu. Fangasi hawa wanakula keratini, ile protini ya ngozi ngumu na kucha, na wanastawi penye joto na majimaji. Mimi nilikuwa naloweka miguu kwenye siki, naifuta juujuu, navaa soksi. Nilikuwa nawamwagilia kwa mikono yangu.

Sasa hivi nikitoka kuoga nakaa ukingoni mwa kitanda na kitambaa cha pamba ambacho hakigusi sehemu nyingine ya mwili. Napita uwazi mmoja baada ya mwingine, nane kwa miguu yote. Ule wa mwisho umebanana kiasi kwamba kitambaa hakiingii chenyewe. Inabidi nikunje ncha yake niipenyeze kwa kidole, niivute upande wa pili. Mara nyingi inatoka imelowa wakati mguu unaonekana mkavu kabisa. Kisha nakaa peku dakika kumi. Soksi navaa kabla ya nguo ya ndani, maana ukipitisha chupi kwenye mguu wenye fangasi unazipandisha kwenye kinena. Viatu nina jozi mbili za kupokezana, na kilichovaliwa leo nakilegeza kamba, natoa soli ya ndani, kinapumzika hadi keshokutwa. Soksi nafua kwa maji ya nyuzi 60.

Sitakuficha: kilichomaliza kabisa ni huo ukavu pamoja na krimu ya terbinafini ya asilimia 1, iliyopakwa mpaka sentimita mbili nje ya sehemu inayoonekana mbovu. Zamani nilikuwa naacha dawa siku muwasho unapokoma. Ngozi inapona kwa macho kabla fangasi hawajaisha. Klotrimazoli, kwa mfano, ambayo ni dawa nyingine ya kupaka ya fangasi, inatakiwa iendelee karibu wiki mbili baada ya dalili kutoweka. Na kuwa mwangalifu na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho ambayo haiui fangasi. Niliwahi kupewa moja, muwasho ukanyamaza ndani ya siku mbili, nikashangilia, kumbe fangasi wanatambaa taratibu kuelekea unyayoni.

Kama una kisukari au kinga yako imeshuka, usijaribu lolote kati ya haya kabla hujaonana na daktari. Vivyo hivyo mguu ukivimba, ukiwa wa moto, au wekundu ukianza kupanda juu: hapo bakteria wameshaingia kupitia nyufa, nenda siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho, kwa kuwa umesema tatizo linarudi: zitazame kucha zako kwenye mwanga mzuri. Ikiwa mojawapo imekuwa nene, ya njano na inamong'onyoka, fangasi wamejificha humo na kila ukitibu ngozi watashuka upya. Siki na mafuta huwa havifiki chini ya kucha, na mara nyingi ukucha kama huo unahitaji vidonge vya daktari. Ukishaangalia, rudi utuambie umeona nini.