Muulize Shangazi: Grupu la mtaa limegeuka uwanja wa matusi

Shangazi shikamoo. Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu huku Mbagala, tuko kama mia mbili hivi, wapangaji na wenye nyumba. Tulilianzisha kwa ajili ya ulinzi, taka, maji yakikatika, misiba. Sa hivi mtu akiuliza tu kama maji yametoka anajibiwa "chimba kisima kama unazo". Juzi mama mtu mzima kauliza pesa ya mlinzi imeenda wapi, kijana mmoja kamporomoshea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Watu wa maana wanaleft mmoja mmoja. Nimriumuv huyo kijana, au nifunge waandike maadmini tu? – Admini aliyechoka

Marahaba mwanangu. Kufunga usifunge. Ukishaweka maadmini tu ndo waandike umebaki na ubao wa matangazo, na ugomvi wenyewe haujaisha, umehamia kwenye vigrupu vya pembeni ambako wewe haupo na huko ndo wanakusema vizuri. Hiyo setingi itumie usiku moto ukiwaka, asubuhi fungua watu waongee.

Ila nikuulize kitu, maana kwenye barua yako yote sijakiona. Pesa ya mlinzi imeenda wapi? Yule mama aliuliza swali la halali kabisa na mpaka unaniandikia naona hajajibiwa, kaambulia matusi tu. Mie kwa barua ninazopokea naona magrupu ya mtaa na ya vikoba mengi yanaharibikia hapohapo, kuna swali la hela halijajibiwa, wanaojua wamenyamaza, anayeuliza anaonekana mchokozi na kijana mwenye mdomo anajitolea kumnyamazisha. Kwa hiyo kabla ya kushughulika na adabu ya kijana, mwambie mweka hazina aweke hesabu pale: nani katoa, nani hajatoa, mlinzi kalipwa lini. Utashangaa kelele zitakavyopungua.

Sasa kijana. Usimriumuv leo na wala usimseme mbele ya watu mia mbili, maana mtu akishaaibishwa hadharani hawezi kurudi nyuma, atakaza shingo na marafiki zake watajaa kumtetea. Wewe kama admini una uwezo wa kuifuta meseji ya mtu yeyote kwa wote, ifute, kisha andika mstari mmoja tu, "Meseji imefutwa, tunaendelea na suala la mlinzi," basi, bila jina lake na bila kumtag. Halafu mpigie simu. Nasema simu, sio inboksi, inboksi atakuskrinishoti. Mwambie kitu kama hiki: "Mdogo wangu, ile uliyomwandikia mama nimeitoa. Hoja yako kama unayo ilete, ila mama yule ni mzazi wetu na unapita mlangoni kwake kila siku. Naomba umuombe radhi kabla ya Jumapili." Ukiweza mtafute mjumbe wenu muende naye kwa huyo mama, matusi yalitoka kwenye simu lakini radhi ya mtaani inaombwa uso kwa uso. Na nakuhakikishia huyohuyo kijana akikutana na mama dukani anampa shikamoo. Kwenye simu haoni uso wa mtu, anaona jina tu na namba.

Akirudia tena baada ya hapo, mtoe, na uwaambie watu kwa nini katolewa.

Halafu sheria. Usiseme "wanajua", hasa waliojiunga majuzi. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa J. Nathan Matias, mwaka 2019 alichapisha jaribio alilofanya kwenye mijadala 2,190 ya sayansi mtandaoni, mingine ikabandikwa sheria pale juu na mingine ikaachwa hivihivi. Palipobandikwa sheria wageni walizifuata zaidi, kwa pointi kama 8 za asilimia, na cha kufurahisha wageni waliochangia waliongezeka kwa asilimia 70 kwa wastani. Yani watu wengi wanakaa kimya sio kwamba hawana la kusema, wanaogopa kurukiwa. Kwa hiyo andika sheria nne tano fupi, weka kwenye maelezo ya grupu na uipin meseji yenyewe, ikipinwa inakaa mwisho siku 30 kisha unapin tena. Andika na kinachotakiwa kufanyika, sio makatazo tupu: "Swali la hela linajibiwa ndani ya siku mbili." "Voisi noti isizidi dakika moja." Hiyo ya voisi noti ni yangu mwenyewe, nisameheni.

Kuhusu wanaokwambia umtishe na polisi: ni kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 23 cha unyanyasaji mtandaoni, na ilivyopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sio kitu cha kupungiana kila mtu akiitwa mjinga. Iwekeni kwa yule anayemuandama mtu kila siku, anayetishia.

Shangazi habari za kazi. Mie ni mnazi wa Simba, nipo kwenye grupu la tuliosoma pamoja. Baada ya dabi wakatengeneza stika kwa picha yangu niliyopigwa kwenye msiba wa baba, nalia. Nikilalamika wanasema ni utani tu, nimekuwa mlaini. Ni kweli? – Mama Careen, Kijitonyama

Sio kweli mwanangu, na pole sana na msiba.

Utani wa Simba na Yanga ni wa tangu miaka ya 1930 na mimi ni mpenzi wake mkubwa. Wakikukumbusha tano moja ya Novemba 5, 2023 wana haki yao, na wewe una ile tano bila ya Mei 6, 2012 ya kuwarudishia, mchezo unaenda hivyo, unapiga na unapigwa. Lakini machozi ya msiba hayana timu. Hata watani wetu wa asili waliokuwa wanachekesha msibani walikuwa wapo pale pale wanahangaika na shughuli, mtani alikuwa anakuchekesha ili ule, sio ili watu wakucheke.

Andika mara moja tu, kwa utulivu: "Utani wa timu tuendelee, ila ile stika ni ya msiba wa baba, naomba muifute na msiitumie." Usiongeze kitu, usijibu vijembe. Admini akiifuta ujue kwamba aliyeshaihifadhi kwenye simu yake bado anayo, kwa hiyo aliyeitengeneza mtumie ujumbe peke yake. Na kama kuna Yanga mmoja mwenye busara humo mwombe yeye ndo aseme, akisema mtu wa upande wao wanasikia haraka kuliko ukisema wewe.

Shangazi mambo, nimeriumuviwa grupu la ofisi kisa nasema ukweli. Watu hawapendi ukweli. Nifanyeje? – Msema kweli, Tabata

Mambo unampa mwenzio, ila poa. Ulinitumia skrinishoti nione walivyo wabaya, nimezisoma zote, nyingi ni zako na ni za kuanzia saa sita usiku. Watafiti wa Stanford na Cornell walionyesha mwaka 2017 kwamba mtu wa kawaida kabisa anaweza kugeuka mchokozi mtandaoni akiwa na mudi mbaya na akikuta wengine wameshaanza, na usiku mambo yanazidi. Ukweli wako kuhusu ratiba ya zamu una mantiki, sikatai. Ila kulikuwa na haja gani ya kuingiza ndoa ya bosi?

Mpigie admini kesho mchana, baada ya kula.