Presha inapogoma kushuka: maswali yenu kuhusu homoni

Daktari, nina miaka 34, nameza dawa tatu za presha na bado inasoma 160 kwa 100. Nimeambiwa nikapime homoni. Homoni na presha wapi na wapi?

Karibu sana. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Mojawapo ya homoni zake ni aldosteroni, inayoiamuru figo ibakize chumvi na kutoa potasiamu. Ikizidi, chumvi inabaki mwilini, maji yanaifuata, presha inapanda na dawa zinagonga mwamba. Daktari Mmarekani Jerome Conn aliuandika ugonjwa huu mwaka 1955, na kwa miaka mingi ukadhaniwa ni nadra. Siyo nadra: hukadiriwa kuwapata watu 5 hadi 10 katika kila 100 wenye presha. Kwa umri wako na dawa tatu, aliyekutuma upime amefikiri vizuri.

Potasiamu yangu ni ya kawaida. Bado nipime?

Ndiyo. Wagonjwa wengi wa aldosteroni potasiamu yao iko sawa kabisa. Kinachopimwa ni aldosteroni ikilinganishwa na renini, kemikali ya figo ambayo ndiyo huiamsha aldosteroni. Renini ikiwa imelala na aldosteroni iko juu, basi tezi inajiendea yenyewe.

Niache dawa kabla ya kipimo?

Usiache hata kidonge kimoja kwa uamuzi wako. Presha ikiruka inaweza kukuletea kiharusi. Kweli, baadhi ya dawa huvuruga majibu. Spironolaktoni mara nyingi husimamishwa kwa wiki 4 au zaidi, atenololi hushusha renini, na zile zinazoishia na “-prili” huipandisha hadi ugonjwa ukajificha. Ila anayepanga ni daktari wako, na wakati mwingine huamua upime hivyo hivyo. Mpelekee pakiti zenyewe (“kile kidonge cheupe” hakimsaidii mtu).

Damu hutolewa asubuhi, ukiwa umeshaamka kwa muda wa angalau saa mbili na umetulia kitini dakika 5 hadi 15. Usijinyime chumvi ghafla siku za kabla. Na usikunjekunje ngumi mtoa damu anapotafuta mshipa: potasiamu itasomeka juu kwa uongo.

Presha hunipanda ghafla, kichwa kinagonga, jasho, moyo mbio. Wananiambia ni woga tu.

Huenda ni woga. Lakini hayo matatu yakija pamoja, tunatafuta feokromositoma, uvimbe unaomwaga adrenalini. Ni nadra sana, ila ni hatari. Hupimwa metanefrini (mabaki ya adrenalini ikivunjwa mwilini) katika damu au mkojo wa saa 24: wa kwanza wa asubuhi unaumwaga, kisha kila unaofuata unaingia kwenye dumu, hadi ule wa kwanza wa kesho yake. Ukisahau mara moja, sema, uanze upya.

Mama ana presha, uso umekuwa wa mviringo, tumboni ana michirizi ya zambarau.

Kwanza kagua dawa zake, hata krimu za ngozi. Steroidi, dawa zinazoiga kortisoli, homoni nyingine ya tezi hizo hizo, hufanya hivyo. Kama hatumii, apimwe kortisoli: humeza deksamethasoni (steroidi ya kidonge) miligramu 1 saa 5 usiku, damu inatolewa saa 2 asubuhi.

Nikikutwa na aldosteroni nyingi, nitapasuliwa?

Tezi moja ikiwa ndiyo yenye kosa, upasuaji unaweza kukuponya. Zikiwa zote mbili, ni vidonge.