Hedhi ilishakoma, damu imetoka wapi?

Habari nesi. Nina miaka 57, naishi Tanga. Hedhi ilikoma miaka sita iliyopita. Wiki jana nimeona matone mawili ya damu kwenye kanga, kisha kimya. Shoga yangu anacheka, ati ujana umerudi. Halafu mjukuu wangu wa miaka 12 anatakiwa kuchanjwa shuleni; mama yake anaogopa atafungwa kizazi. – Bibi wa Chumbageni

Shikamoo bibi. Ujana haurudi kwa njia hiyo. Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja lisilouma, nenda hospitali wiki hii. Mara nyingi huwa ni ukavu tu wa uke, lakini saratani ya mji wa mimba nayo hubisha hodi hivyohivyo, na ikikutwa mapema inatibika. Omba ultrasound. Daktari akitaka kuchukua kinyama cha kupima, mkubalie.

Kile kipimo cha siki cha kutafuta saratani ya mlango wa kizazi, tunachopaka mlango huo na kusubiri dakika moja tuone weupe, kwako hakitoshi. Kwa umri wako sehemu tunayoitafuta imeshajificha ndani. Nimewaona wanaoambiwa "siki iko safi" wakarudi zao nyumbani, huniudhi sana. Na usijioshe ndani kwa mwarobaini kabla ya kwenda. Kanga ibebe, usione haya.

Mjukuu achanjwe. Chanjo huzuia HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi; kizazi haikigusi. Tulianza 2018 na dozi mbili; tangu 2024 ni moja tu, miaka 9 hadi 14, bure.